Kitepe Badala ya Uzi

Kitepe cha kufungia jeraha hakigusi nyama. Hakigusi hata ngozi iliyo hai. Gundi yake inashika tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa na kubanana, ambalo katika sehemu nyingi za mwili unene wake haufiki mikroni 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya milimita. Tabaka hilo nalo halitulii. Seli mpya zinapanda kutoka chini, za zamani zinapukutika bila sisi kuona, na katika wiki mbili hivi lote limekwisha kubadilika. Kwa hiyo gundi iwe kali namna gani, imeng'ang'ania kitu ambacho chenyewe kiko njiani kuondoka.

Ukilishika hilo, mabishano mengi kuhusu vitepe na nyuzi yanabadilika sura. Wauza vifaa tiba husifia ukali wa gundi. Wagonjwa hulalamika kwamba kitepe kimebanduka siku ya pili. Matabibu wengi wa zahanati huviona vitepe kuwa mapambo ya hospitali za kulipia. Wote hao wanapima nguvu ya gundi, ilhali kutengeneza gundi inayoweza kung'oa ngozi ni kazi iliyokwisha kukamilika miaka mingi. Ugumu uko kwingine: gundi ishike wiki nzima kwenye ngozi yenye jasho na mafuta, iachie wakati wake ukifika bila kuchuna, isiwashe, na isitwishwe mzigo ambao haukuwa wake.

Wazo lenyewe ni la kale. Gombo la mafunjo la Misri linalojulikana kwa jina la Edwin Smith, lililonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, linamwelekeza tabibu akusanye kingo za jeraha kwa vipande viwili vya kitani. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji aliyewahudumia wafalme wanne wa Ufaransa, hakupenda alama ambazo sindano huacha usoni. Alibandika kitambaa upande huu na upande ule wa jeraha kwa gundi iliyochanganywa na ute wa yai, unga na ulimbo wa miti, kisha akashona kitambaa kwa kitambaa, ngozi ikabaki bila tundu. Huku kwetu ushahidi mashuhuri ni wa mmisionari Robert Felkin, aliyeshuhudia mama akizalishwa kwa kupasuliwa huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mwaka 1879. Mpasuaji alikusanya kingo za jeraha kwa pini saba nyembamba za chuma, akazizungushia uzi wa gome la mti, juu yake akapaka rojo zito la mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa motoni na kufunga bendeji ya nguo ya gome. Kufikia siku ya 11 jeraha lilikuwa limeunga. Ninachokipenda katika maelezo hayo ni mgawanyo wa kazi. Pini zilibeba mvuto, rojo likafunika. Hakuna aliyelitaka rojo lishikilie tumbo.

Plasta ya roli ambayo kila zahanati inayo, ile ya kitambaa yenye harufu ya mpira, ni zao la karne ya 19. Hataza ya plasta ya mpira ilitolewa Marekani mwaka 1845. Mwaka 1882 mfamasia Paul Beiersdorf wa Hamburg akasajili ya kwake, na mwaka 1901 kampuni yenye jina lake ikatoa Leukoplast, plasta yenye oksidi ya zinki, ambayo bado iko sokoni. Viungo vya msingi ni vitatu. Mpira asilia unaipa gundi mnyumbuko. Ulimbo wa misindano, yaani utomvu uliochemshwa mpaka tapentaini ikatoka, unaipa unato. Oksidi ya zinki, unga mweupe, inajaza, inaimarisha na kutuliza ukali wa asidi zilizomo kwenye ulimbo. Utomvu wa aina hiyo siku hizi unagemwa kwa biashara katika msitu wa Sao Hill, Mufindi, ingawa plasta tunaendelea kuagiza nje.

Sifa ya gundi hii ni kwamba inakamata papo hapo. Kitabu cha David Werner, ambacho kwa Kiswahili ni Mahali Pasipo na Daktari, kimewafundisha wahudumu wengi wa vijijini kukata plasta ya roli kwa umbo la kipepeo, katikati pembamba, na kukusanyia kingo za jeraha dogo. Masharti yake ni makali na bado yana maana: jeraha liwe halijapita saa 12, liwe safi kabisa, na pasiwe na njia ya kumfikia mtabibu siku hiyo. Wengi wameushika ujuzi wa kukata kipepeo na kuyasahau masharti.

Ubaya wa gundi ya mpira unajulikana kwa yeyote aliyewahi kubandua plasta ya siku nne kwenye mkono wenye malaika. Mpira huzeeka kwa hewa na joto. Roli iliyokaa stoo chini ya bati hulainika, gundi ikachuruzika pembeni, na inapobanduliwa nusu yake hubaki kwenye ngozi ikiwa alama nyeusi ya kunata inayokusanya vumbi. Kisha ule ulimbo wa misindano ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuamsha mzio wa ngozi. Mgonjwa anarudi na upele wa mraba, umbo lilelile la plasta, na mhudumu anadhani jeraha limeingia vijidudu. Anapewa dawa ya kuua bakteria kwa tatizo la gundi.

Mageuzi yalikuja kutoka kwa watu waliokuwa wakitengeneza tepu za kawaida. Kampuni ya 3M ya Minnesota, ambayo fundi wake Richard Drew alibuni tepu ya wapaka rangi mwaka 1925 na selotepu mwaka 1930, ilihamishia ujuzi wake hospitalini katikati ya karne iliyopita, ikaacha mpira na kushika akrileti. Hapo ndipo vilipozaliwa Micropore na, katika miaka ya 1960, kitepe cha Steri-Strip ambacho jina lake limekuwa kama jina la kazi yenyewe. Mgongo wake ni reyoni isiyofumwa, yenye matundu ya kupitisha mvuke, iliyoimarishwa kwa nyuzi za poliesta ili isivutike. Gundi ni polima ya akrileti.

Polima hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo inayobeba vitepe vingi vya leo. Sehemu kubwa ya molekuli yake ina matawi marefu yanayoifanya iwe laini. Kiasi kidogo cha asidi ya akriliki kinaongezwa ili minyororo ishikane isichuruzike. Unato na uimara vinatoka kwenye molekuli moja, bila kuhitaji ulimbo wa kuongezea, na kwa hiyo kisababishi kikubwa cha mzio kinatoweka. Jambo la ajabu kuhusu gundi za kubonyeza, yaani zinazoshika kwa kugandamizwa tu, ni kwamba ni kimiminika na kigumu kwa wakati mmoja. Donge la unga wa chapati linafanya hivyohivyo: ukilikandamiza taratibu linajaa kwenye kila ufa wa meza, ukilinyakua ghafla linakatika kwa ukaidi. Carl Dahlquist wa 3M alilipa jambo hili kipimo: gundi ya kubonyeza ikiwa ngumu kupita takriban pascal 300,000 kwa joto la kawaida, haizami kwenye mikunjo ya kitu inachobandikwa, na hainati, hata uipake nene kiasi gani.

Kutokana na tabia hiyo, mshiko wa akrileti kwenye ngozi unaongezeka kadiri saa zinavyopita. Dakika ya kwanza gundi imegusa vilele tu vya mikunjo ya ngozi. Baada ya saa kadhaa imeteremka kwenye mabonde. Ndiyo maana wauguzi wazoefu hukisugua kitepe kwa kidole baada ya kukibandika, kukipa joto na mgandamizo, na ndiyo maana kukibandua na kukibandika upya ili kukinyoosha ni kosa: kimeshabeba vumbi la seli zilizokufa, na mara ya pili kinashika seli hizo badala ya ngozi.

Silikoni nitaipitia haraka. Ni laini kiasi kwamba inaenea kwenye ngozi papo hapo, na mshiko wake haukui kwa siku. Inabanduka bila kuchukua seli nyingi. Kwa mtoto njiti au bibi wa miaka 85 mwenye ngozi nyembamba ni neema kwa kushikilia bandeji. Kwa kuvuta kingo za jeraha haina ubavu, kwa hiyo anayeuza vitepe vya silikoni kwa kazi hiyo aulizwe maswali.

Mpinzani wa kweli wa kitepe ni sianoakrileti, jamaa wa karibu wa supaglu ya dukani. Harry Coover wa kampuni ya Kodak aliikuta mwaka 1942 alipokuwa akitafuta plastiki angavu kwa ajili ya vifaa vya kulengea vya bunduki, akaitupa kando kwa sababu ilinata kila kitu. Mwaka 1958 ikaingia sokoni kama gundi. Katika vita vya Vietnam ilipulizwa kwenye majeraha kuzuia damu. Ilibidi kusubiri mpaka 1998 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha ile ya oktili, Dermabond, kwa kufunga ngozi. Yenyewe haibonyezwi. Ni kimiminika kinachogeuka kuwa kigumu kinapokutana na unyevu, na kinapogeuka kinatoa joto.

Tofauti kati ya ya hospitali na ya dukani ni urefu wa mkia wa molekuli. Ya dukani kwa kawaida ni ya ethili: mkia mfupi, inakauka kwa ukali, inavunjika upesi na kutoa fomaldehidi, na haikutengenezwa kwa kuzingatia usafi wa jeraha. Ya oktili ina mkia mrefu, inavunjika polepole na inapinda kidogo ngozi inapopinda. Mafundi seremala na mafundi viatu wanajifungia mikato midogo kwa supaglu, na mara nyingi mkato unapona. Siwezi kujifanya sijaona. Ila mkato wa kidole uliojaa vumbi la mbao ukifunikwa na tabaka gumu lisilopitisha kitu, usaha hauna pa kutokea. Hata ile ya hospitali hupakwa juu ya kingo zilizokwisha kukutanishwa, kamwe si ndani ya jeraha, na karibu na jicho muuguzi huweka ukuta wa mafuta mazito ili tone lisiteleze likaunganisha kope.

Sasa rudi kwenye ngozi yetu yenyewe. Maelezo mengi yaliyomo kwenye pakiti za vitepe yanamfikiria mgonjwa aliyelala kwenye chumba chenye kipoza hewa. Mgonjwa wa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari anatoa jasho hata akiwa ameketi. Jasho likikosa njia ya kutokea hukusanyika chini ya gundi na kuiinua. Likipata njia, kama kwenye reyoni yenye matundu, linatoka likiwa mvuke. Kwenye viganja na nyayo, ambako tezi za jasho zimesongamana na ngozi ni nene, kitepe hakina maisha. Kwenye kichwa chenye nywele vilevile.

Kuna na jambo ambalo halimo katika pakiti yoyote: mafuta. Mtoto wa Afrika ya Mashariki anapakwa mafuta kuanzia utosini hadi kisigino kila asubuhi. Anapofika kituoni amekatika paji la uso, ngozi inang'aa. Gundi ya akrileti inabandikwa juu ya vaselini, inashika vaselini, na jioni kitepe kinaning'inia. Lawama inakwenda kwa kitepe. Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko kitepe chochote: sabuni na maji kuzunguka jeraha, spiriti kwenye ngozi nzima bila kugusa jeraha, kisha subira mpaka ikauke kabisa. Hiyo subira ndiyo adimu, kwa sababu foleni ni ndefu na spiriti inaonekana kama imekauka kabla haijakauka.

Wanaotaka mshiko zaidi hupaka kwanza ulimbo wa maji. Wa zamani ni tinkcha ya benzoini, ulimbo wa miti ya Kusini-mashariki mwa Asia ulioyeyushwa katika alkoholi. Mpya zaidi ni Mastisol, unaotumia ulimbo wa mti wa mastiki. Ukikauka huacha utando unaonata ambao unaficha mafuta ya ngozi na kuzuia maji. Katika majaribio Mastisol umeshika kwa nguvu zaidi kuliko benzoini na kuamsha mzio kwa watu wachache zaidi. Vyote viwili vikiingia ndani ya jeraha vinachoma, na benzoini katika jeraha chafu inaongeza hatari ya usaha. Kwa maoni yangu zahanati yenye sabuni, spiriti na dakika mbili za subira inaweza kuishi bila ulimbo huo kwa majeraha mengi ya usoni.

Niliwahi kuketi kwenye benchi la kituo kimoja cha afya na kumtazama muuguzi akimfunga mtoto wa kiume aliyeangukia ngazi. Mkato ulikuwa juu ya nyusi, kama sentimita mbili, kingo zake zimenyooka. Aliuosha kwa maji ya chumvi, akaubana kwa gozi mpaka damu ikakata. Nyusi hakuzinyoa, zikinyolewa zinaweza kuota ovyo, na pia ndizo zinazoonyesha kama kingo zimekaa sawa. Akafuta mafuta pembeni, akasubiri huku akimuuliza mtoto jina la mwalimu wake. Kisha akabandika nusu ya kitepe upande wa chini wa mkato, katikati kabisa ya urefu wake, akasukuma ngozi kwa kidole gumba mpaka kingo zikakutana, ndipo akalaza nusu ya pili bila kukivuta kitepe chenyewe. Hapo ndipo ulipo ujuzi wote: kidole kinavuta ngozi, kitepe kinashikilia tu. Akaongeza kimoja kila upande, akiacha nafasi ya milimita tatu hivi kati yao ili majimaji yatoke, na mwisho akalaza viwili sambamba na mkato, juu ya ncha za vile vya kwanza.

Mama wa mtoto hakuridhika. "Nesi, humshoni? Lisije likafumuka usiku."

"Mama, likifumuka mlete, nitamshona mwenyewe. Ila leo usimpake mafuta usoni. Wala kesho."

Wasiwasi wa mama yule unawakilisha nchi nzima. Bila sindano, mtu anaona kama hakutibiwa. Lakini vile vitepe viwili vya mwisho vinaeleza kwa nini muuguzi alikuwa na imani. Gundi ya kubonyeza ina nguvu nyingi inapoburutwa kwa ubapa, kwa sababu eneo lote linabeba mzigo kwa pamoja. Inapochubuliwa kuanzia kwenye ncha, mzigo wote unaangukia mstari mwembamba mmoja, na mstari ukiachia, unaofuata unaachia. Kitepe karibu kila mara hufa kwa kuanzia kwenye ncha. Ukizifunika ncha, umeifunga njia ya kifo chake.

Ncha hizo ndizo pia zinazoumiza. Kitepe kikibandikwa huku kimevutwa, kinataka kurudi kwenye urefu wake, na kwa kuwa kimefungwa kwenye ngozi kinaivuta ngozi pamoja nacho. Jeraha likiwa gotini au kwenye nyonga baada ya upasuaji, uvimbe wa siku ya kwanza unaongeza mvuto, na kitepe hakinyumbuki. Tabaka la juu la ngozi linaachana na la chini, malengelenge yanajitokeza pale penye ncha. Watu huyaita mzio. Mara nyingi si mzio hata kidogo. Ni hesabu ya mvuto.

Mzio wa kweli upo, na unakuja kwa njia mpya. Akrileti iliyokamilika kuwa polima kwa kawaida ni pole. Hatari iko kwenye molekuli ndogo ambazo hazijaungana. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa kugusa kiliitangaza akrileti kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2012, na mwaka 2020 kikaitaja isobonili akrileti, iliyowasumbua wagonjwa wa kisukari wanaovaa vihisi vya sukari vilivyobandikwa mkononi. Jamaa wa karibu wa kemikali hizi wako kwenye kucha za jeli na gundi za kucha bandia zinazotumika katika kila saluni kuanzia Kariakoo hadi Nakuru. Fundi wa kucha anayezigusa kila siku bila glavu zinazofaa anaweza kuuzoesha mwili wake mzio, na siku ya upasuaji, gundi ya jeraha ikamwasha. Muuguzi anayeuliza "una mzio wa dawa yoyote?" aongeze swali la plasta na la kucha.

Kwenye ngozi nyeusi mzio na mwasho wa gundi una matata mawili zaidi. Wekundu ambao vitabu vinautaja hauonekani vizuri. Mhudumu aguse joto, aulize muwasho, atazame ngozi inayong'aa au iliyovimba. Na mwasho ukiisha huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mgonjwa aliyeahidiwa kovu dogo anabaki na kovu dogo ndani ya mraba mweusi.

Kuhusu usafi, kitepe kina hoja nzito dhidi ya uzi. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen huko Uingereza, wakitumia watu waliojitolea, walionyesha kwamba ngozi tupu huhitaji mamilioni ya bakteria aina ya stafilokokasi ili itunge usaha, lakini ukiacha uzi wa kushonea ndani yake, mamia tu yanatosha. Uzi ni mgeni anayepitia ngozi na kuacha mlango wazi pande zote mbili. Kitepe hakipitii popote.

Kuhusu sura ya kovu, ushahidi haujanyooka kama wauzaji wanavyotaka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wa watoto 100 waliokatika usoni, haukuona tofauti ya maana kati ya vitepe na gundi ya oktili, ingawa gundi ni ghali zaidi. Mwaka 2015 madaktari wa ngozi wa California walifunga majeraha ya upasuaji kwa nyuzi za ndani, kisha nusu ya kila jeraha wakaiongezea vitepe na nusu nyingine wakaiacha. Makovu yalilingana. Yaani pale ambapo nyuzi za ndani zimekwisha kubeba mvuto, kitepe cha juu kinaweza kuwa mazoea tu ya mpasuaji.

Utafiti mwingine ulinigusa zaidi, kwa sababu keloidi na makovu manene yanawasumbua watu wetu kuliko wengine. Mwaka 2005 watafiti wa Australia waliwaandikisha akina mama 70 waliojifungua kwa upasuaji, baadhi yao wakaendelea kubandika tepu ya karatasi juu ya kovu kwa wiki 12. Makovu manene yalipungua sana kwao. Ni utafiti mdogo, na si wote waliofika mwisho, lakini unaafikiana na maumbile ya jeraha: katika wiki ya kwanza ngozi iliyounga haina hata sehemu ya kumi ya nguvu yake ya awali, na inachukua kama miezi mitatu kufika asilimia 80 hivi, ambayo haiipiti tena. Vitepe vinaanguka siku ya saba hadi ya kumi. Anayemtoa mgonjwa vitepe na kumwambia amepona, akanyanyue ndoo, amesahau hesabu hiyo. Anayebandika vipya kwenye ngozi iliyooshwa, mfululizo, anaitendea haki.

Kwa hiyo mpaka wa kazi uko wapi? Mkato mfupi, ulionyooka, usiovuja damu, mahali ambapo ngozi haivutwi: uso wa mtoto, paji, sehemu ya juu ya shavu. Hapo kitepe kwangu kinatangulia uzi. Ngozi ya mzee iliyochanika na kubaki kipande kinachoning'inia, kitepe tena, kwa sababu uzi unaikata ngozi hiyo, ila kibandikwe kwa huruma na kibanduliwe kwa huruma zaidi. Kiungo kinachopinda, hapana, isipokuwa kifungwe gango. Jeraha la bodaboda lenye mchanga na kingo zilizosagika halitaki kitepe wala uzi siku ya kwanza. Linataka maji mengi, chanjo ya pepopunda na kuachwa wazi. La kung'atwa na mbwa lioshwe kwa sabuni dakika 15 na mgonjwa aanze chanjo ya kichaa cha mbwa, habari ya kulifunga isubiri.

Kubandua ni nusu ya matibabu na hakufundishwi. Kitepe kibanduliwe polepole, kikikunjwa juu yake chenyewe na kulala karibu na ngozi, kuelekea malaika yanakolala, kutoka ncha zote mbili kwenda kwenye jeraha, kidole kingine kikiishikilia ngozi. Kukivuta juu kwa kasi kunaondoa tabaka za seli, na kukianzia upande mmoja hadi mwingine kunafungua jeraha. Mafuta ya nazi yakiachwa dakika chache pembeni yanalegeza gundi ya mpira na hata akrileti. Mafuta ya taa, ambayo bado yanatumika majumbani, yanachoma ngozi bure. Ncha zinazojikunja zikatwe kwa mkasi, kilichobaki kiachwe kianguke chenyewe pamoja na seli zake.

Linalobaki ni la wanaoagiza. Fomu nyingi za ununuzi zinaandika "plasta" au jina la kampuni, halafu mshindi wa zabuni analeta alichopata. Fomu ingepaswa kutaja aina ya gundi, mgongo unaopitisha mvuke, nyuzi za kuimarisha, upana wa milimita 6 kwa uso na 12 kwa kwingine, na tarehe ya mwisho ya kutumika inayozingatia kwamba stoo ya wilaya haina kipoza hewa. Na kabla ya kusaini, sampuli zibandikwe kwenye mikono ya wafanyakazi wenyewe wakati wa joto. Waoge kama kawaida, wafanye zamu zao, wapike, walale. Siku ya tano wakutane, wahesabu vilivyobaki, wavibandue, na waangalie ngozi iliyo chini yake.